Mhadhara uliorekodiwa, jaribio la wiki na kebo iliyokatika: uchambuzi wa kisa cha kozi moja ya takwimu chuo kikuu

Kisa na mipaka yake

Kisa hiki kilitokea katika chuo kikuu kimoja cha umma nchini Tanzania, kwenye kozi ya utangulizi wa takwimu inayosomwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa programu kadhaa za sayansi ya jamii na biashara. Majina ya chuo, idara na wahusika wote yameondolewa, na idadi za darasa zimetolewa kwa makadirio ili wahusika wasitambulike. Nilihusika kama mshauri wa ufundishaji. Mhadhiri mwenye kozi aliniita mwishoni mwa muhula ambao alikuwa amefanya kazi maradufu bila kuona tofauti yoyote darasani, na katika mwaka uliofuata nilikaa naye muhula mzima, nikihudhuria mihadhara, nikisoma pamoja naye majibu ya wanafunzi na kushiriki katika maamuzi ambayo baadhi yake yalifaa na mengine hayakufaa.

Ninakiandika kwa sababu taarifa nyingi ninazosoma kuhusu teknolojia ya dijitali vyuoni huhesabu vilivyonunuliwa na kufungwa: kompyuta, leseni, kamera, idadi ya wahadhiri waliohudhuria mafunzo. Ni mara chache kueleza kilichopita kati ya mhadhiri na wanafunzi wake, wiki hadi wiki, baada ya vifaa hivyo kufungwa. Kisa hiki kinahusu jambo hilo tu, na hakigusi ununuzi.

Hali kabla ya mabadiliko

Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 400, ilhali ukumbi wa mihadhara ulikuwa na viti visivyozidi 250. Waliowahi walikaa, waliochelewa walisimama ukutani au walisikiliza wakiwa nje ya madirisha. Mhadhara ulikuwa mmoja kwa wiki, wa saa 2, kila Alhamisi, ukifuatiwa na semina zilizoongozwa na wahadhiri wasaidizi. Tathmini endelevu ilibeba alama 40 na mtihani wa mwisho alama 60. Mtihani wa kati ulifanyika wiki ya 7 na, kwa wingi wa karatasi, usahihishaji ulikamilika wiki ya 10. Maana yake ni kwamba kosa la uelewa lililoanza wiki ya 2 lilimfikia mhadhiri kwa mara ya kwanza wiki ya 10, wakati mada kadhaa zilizolitegemea jambo hilohilo zilikuwa zimeshafundishwa juu yake. Ninamwomba msomaji alikumbuke pengo hili la wiki 8, kwa kuwa karibu kila kinachofuata kinalihusu.

Chuo hakikuwa kigeni kwa teknolojia. Kilikuwa na Moodle, programu huria ya kusimamia ujifunzaji iliyoanzishwa na Martin Dougiamas huko Australia na ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002, nayo ilikuwa imewekwa kwenye seva iliyopo chuoni. Kila kozi ilikuwa na ukurasa wake. Kurasa nyingi, pamoja na wa kozi hii, zilikuwa ghala la mafaili: slaidi, mihutasari ya kozi, mitihani ya miaka iliyopita. Janga la UVIKO-19 lilikuwa limeacha vifaa na akaunti nyingi zaidi kuliko mazoea. Vyuo vikuu vya Tanzania vilifungwa Machi 18, 2020 na kufunguliwa Juni 1, 2020, muda wa takribani miezi miwili na nusu, hivyo kozi nyingi zilisubiri kufunguliwa badala ya kuhamia mtandaoni. Mhadhiri tunayemzungumzia hakuwahi kulazimika kufundisha muhula mzima kwa mbali, wala wanafunzi wake hawakuwahi kujifunza hivyo.

Muhula wa video

Katika muhula wa pili wa mwaka wa masomo 2022/23, mhadhiri aliamua kurekodi kila mhadhara na kuupakia kwenye ukurasa wa kozi. Sababu yake ilikuwa ya haki: ikiwa ukumbi hauwatoshi wanafunzi wote, basi wale wanaosikilizia madirishani wapate mhadhara uleule baadaye. Aliomba kamera, akajifunza kuhariri, na kwa wiki 5 za mwanzo alitumia karibu usiku mzima wa kila Alhamisi kuandaa video mbili za dakika 50 kila moja.

Kumbukumbu za mfumo zilipofunguliwa wiki ya 6, hakuna video iliyokuwa imefunguliwa na zaidi ya robo ya darasa, na waliofika nusu yake walikuwa wachache zaidi. Maelezo ya kwanza yaliyotolewa katika kikao cha idara yalikuwa kwamba wanafunzi hawana moyo wa kusoma. Mhadhiri alikuwa karibu kukubaliana nayo, hadi mwakilishi wa darasa alipokwenda ofisini kwake na, baada ya shikamoo, akamweleza kwa upole: “Dokta, video zako tunazipenda. Ila moja ikifunguka yote, bando la mtu limekwisha, na bumu bado halijatoka.” Bumu ni jina ambalo wanafunzi wa Tanzania wameipa fedha ya kujikimu inayotokana na mkopo wa elimu ya juu, na kalenda yake huamua mambo mengi chuoni kuliko ratiba ya masomo inavyokiri.

Tulipokaa kupiga hesabu, kauli ya mwakilishi ilithibitika. Video ya dakika 50 iliyorekodiwa kwa kasi ya kilobiti 1,000 kwa sekunde ina uzito wa takribani MB 375. Video mbili kwa wiki ni MB 750, na kwa wiki 15 za muhula ni zaidi ya GB 11, kwa kozi moja kati ya 5 au 6 ambazo mwanafunzi anasoma. Hesabu hii ilichukua dakika 10. Ingefanywa kabla ya kamera kuombwa, usiku mwingi wa kazi usingepotea.

Mwakilishi alitoa habari nyingine ambayo hatukuitarajia, na ninaiona kuwa ndiyo iliyobadilisha kisa chote. Wanafunzi walikuwa tayari wamejitafutia njia. Mmoja wao alikuwa akipakua video kwa intaneti ya chuo, akitoa sauti peke yake, kisha wenzake wakirushiana faili hilo kutoka simu hadi simu bila kutumia bando. Na hawakurushiana mhadhara mzima. Kipande kilichozunguka kuliko vyote kilikuwa cha dakika zisizozidi 8, siku ambayo projekta ilizimika katikati ya somo na mhadhiri, kwa kuwa slaidi hazikuwapo tena, aliacha Kiingereza na kueleza mkengeuko sanifu kwa Kiswahili. Alisema kuna njia mbili za daladala, na katika kila moja abiria husubiri wastani wa dakika 10. Kwenye njia ya kwanza gari huja kati ya dakika ya 9 na ya 11, kwenye ya pili huja dakika ya 1 leo na dakika ya 19 kesho. Wastani ni uleule, lakini hakuna abiria atakayekwambia kwamba njia hizo zinafanana, na kile kinachozitofautisha ndicho tunachokipima.

Maamuzi ya muhula uliofuata

Kwa muhula wa pili wa 2023/24, uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha video kabisa. Mahali pake paliwekwa sauti fupi tatu kwa wiki, kila moja isiyozidi dakika 7, pamoja na slaidi chache za PDF za kufuatishia. Sauti ya dakika 7 iliyohifadhiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde haifiki MB 2. Sauti zote za muhula mzima zilikuwa na uzito wa takribani MB 75, yaani moja ya tano ya video moja ya mhadhara wa mwaka uliotangulia. Ufupi wenyewe haukuchaguliwa kwa ajili ya bando tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, ambao ulichunguza vipindi milioni 6.9 vya kutazama video, ulionesha kuwa muda wa kati ambao watazamaji walikaa na video haukuvuka dakika 6, hata video ilipokuwa ndefu kiasi gani. Wale walikuwa watazamaji wenye intaneti ya kutosha. Sikuona sababu ya kutegemea uvumilivu mkubwa zaidi kutoka kwa mtu anayesikiliza ndani ya daladala.

Lugha ya sauti hizo ilileta mjadala mrefu kuliko jambo jingine lolote. Lugha ya kufundishia katika vyuo vikuu vyetu ni Kiingereza, na mkuu wa idara aliuliza, kwa haki kabisa, kama chuo kingeweza kusimama nyuma ya kozi ambayo maelezo yake yanatolewa kwa Kiswahili wakati mtihani ni wa Kiingereza. Mhadhiri alijibu kwamba maelezo ya Kiswahili yako kwenye kila semina na kila kibaraza cha chuo hata sasa, isipokuwa yanatolewa kwa mnong’ono na mara nyingi na mtu ambaye naye hajaelewa. Makubaliano yalikuwa haya: slaidi, maswali na mitihani vibaki kwa Kiingereza, sauti ziwe za Kiswahili, na kila sauti ianze kwa kutaja istilahi za wiki hiyo kwa lugha zote mbili ili mwanafunzi aweze kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kwa maoni yangu huu ulikuwa uamuzi bora kuliko yote yaliyofanywa katika kozi hii, na haukugharimu hata shilingi moja.

Uamuzi wa pili ulihusu lile pengo la wiki 8. Kila Ijumaa mchana lilifunguliwa jaribio la maswali 5 ya kuchagua, na lilifungwa Jumatano saa 12 jioni. Vipotoshi, yaani majibu yasiyo sahihi yaliyowekwa kwenye kila swali, havikutungwa kwa kubahatisha. Tulitoa kabatini karatasi za mitihani ya miaka iliyopita na kukusanya makosa ambayo wanafunzi walikuwa wameyafanya kweli, ili kila jibu lisilo sahihi liwe na maana: anayechagua B amechanganya jambo hili na lile. Jumatano usiku mhadhiri alisoma mgawanyo wa majibu, swali kwa swali, na kuchagua swali moja au mawili ya kuanzia mhadhara wa Alhamisi.

Tulitaka jaribio liweze kufanywa kwenye simu bila intaneti. Programu ya simu ya Moodle inaruhusu hilo: mwanafunzi hupakua jaribio akiwa na mtandao, hulijibu mahali popote, kisha hutuma majibu mtandao ukirudi. Lakini ruhusa hiyo ina masharti. Jaribio lisiwe na kikomo cha dakika, na mrejesho usitolewe papo hapo bali baada ya majibu kutumwa. Tulikubali masharti yote mawili baada ya kuyapima. Kukosa kikomo cha dakika kulimaanisha kwamba wanafunzi wangeweza kushauriana na hata kunakiliana, na kwa hiyo alama zilitolewa kwa kushiriki, hata jibu likiwa na kosa: alama 5 tu kati ya 40, kwa aliyejibu majaribio yasiyopungua 10 muhulani. Mtihani wa kati wenye alama nzito ulibaki ukumbini, kwa karatasi na kalamu. Wapo wenzetu waliouona uamuzi huo kuwa wa kurudi nyuma, ilhali mimi ninauona kuwa ndio uliolilinda jaribio la wiki, kwa sababu mwanafunzi asiyeogopa kukosea huonesha anachofikiri.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa ndani ya ukumbi. Mhadhiri alitaka kutumia njia ambayo Eric Mazur, mwalimu wa fizikia, alianza kuitumia katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1991: kuuliza swali, kila mmoja achague jibu peke yake, wajadiliane na jirani, kisha wachague tena. Tulijaribu kupiga kura kwa simu wiki ya 1. Simu zaidi ya 200 zilipojaribu kuingia kwa wakati mmoja, intaneti ya ukumbi ilielemewa na dakika 15 zikapotea. Wiki ya 2 tulitumia kadi za karatasi za rangi nne, moja kwa kila jibu, zilizokatwa na wanafunzi wenyewe. Mhadhiri aliweza kuona ukumbi mzima kwa kutupa jicho mara moja, na kadi zilitumika hadi mwisho wa muhula.

Nitoe mfano mmoja wa jinsi wiki ilivyokwenda. Jaribio la wiki ya 4 liliuliza: sampuli ya watu 1,000 iliyochukuliwa kwa nasibu katika mkoa wenye watu milioni 2, na sampuli ya watu 1,000 iliyochukuliwa kwa nasibu katika Tanzania nzima, ambayo Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, ni ipi inayotoa makadirio yenye kosa dogo zaidi? Sehemu kubwa ya darasa ilichagua mkoa, kwa hoja kwamba 1,000 ni sehemu kubwa zaidi ya milioni 2. Ukweli ni kwamba kosa hutegemea zaidi ukubwa wa sampuli yenyewe na hutegemea kidogo mno ukubwa wa idadi inayowakilishwa, maadamu idadi hiyo ni kubwa sana kuliko sampuli. Alhamisi mhadhiri hakueleza kanuni. Alionesha mgawanyo wa majibu yao, akawaomba wanyanyue kadi, akawapa dakika 4 za kujadiliana. Mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye hadi siku hiyo hakuwa amezungumza ukumbini, alisimama na kusema kwamba anayeonja mchuzi wa sufuria ya nyumbani na anayeonja wa sufuria ya shughuli wote hutumia kijiko kilekile, mradi mchuzi umekorogwa. Kadi zilipoinuliwa tena, rangi ya ukumbi ilikuwa imebadilika. Kosa hilo katika miaka iliyopita lilikuwa likikutwa kwenye karatasi za mtihani wa mwisho.

Wiki ya Mei 12

Jumapili ya Mei 12, 2024 kebo mbili za chini ya bahari zinazohudumia pwani ya Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini. Miezi michache kabla, mnamo Februari, kebo kadhaa zilikuwa zimeharibika katika Bahari ya Shamu, ikiwamo Seacom yenyewe, kwa hiyo njia ya kaskazini nayo ilikuwa imepungua. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya. Asubuhi ya Jumatatu intaneti ya simu ilikuwa ya kusuasua au haipo kabisa, na jaribio la wiki lilikuwa limebaki na siku 3 lifungwe.

Wazo la kwanza la kila mmoja wetu lilikuwa kuahirisha. Fundi wa kitengo cha TEHAMA ndiye aliyetuzuia kwa swali rahisi: seva iko wapi? Ilikuwa chuoni, umbali wa kutembea, na ilikuwa ikifanya kazi. Mwanafunzi aliyeunganishwa na mtandao wa chuo hakuhitaji kebo ya baharini kuifikia. Hata hivyo wanafunzi waliojaribu kuingia kupitia kompyuta za maktaba walishindwa. Uchunguzi ulionesha kwamba mwaka mmoja nyuma, ili kuwapunguzia wanafunzi maneno ya siri ya kukariri, chuo kilikuwa kimeunganisha Moodle na akaunti za barua pepe zinazohifadhiwa na kampuni ya nje ya nchi. Kila aliyebonyeza kitufe cha kuingia alipelekwa kwanza ng’ambo kuthibitishwa, ndipo arudishwe kwenye seva iliyo jirani yake. Nyumba ilikuwa karibu, lakini ufunguo ulikuwa umehifadhiwa mbali.

Fundi alifungua akaunti za ndani, na kufikia Jumanne jioni kulikuwa na maneno ya siri ya muda yaliyochapishwa kwenye karatasi na kugawiwa na wawakilishi wa madarasa kwa aliyeonesha kitambulisho. Tangazo lilipita kwa ujumbe mfupi wa simu na kwenye mbao za matangazo. Mhadhiri alisogeza muda wa kufunga jaribio hadi Ijumaa, na kwa waliopanga mitaani mbali na chuo alikubali majibu yaliyoandikwa kwenye karatasi.

Wakati huohuo, wanafunzi wapatao 150 walikuwa wameshapakua jaribio kwenye simu zao kati ya Ijumaa na Jumapili asubuhi. Hao hawakuhitaji lolote kati ya hatua hizi. Walijibu bila mtandao, na kwa kuwa programu zao zilikuwa bado hazijatoka kwenye akaunti, majibu yalijituma waliposogea karibu na mtandao wa chuo. Muundo uliochaguliwa kwa ajili ya bando uliwafaa katika dharura ambayo hakuna aliyekuwa ameifikiria.

Matokeo

Kwa kawaida zaidi ya robo tatu ya darasa walijibu jaribio la kila wiki, na hata wiki ya kebo ushiriki haukushuka chini ya nusu. Sauti fupi zilipakuliwa kwa wingi, ingawa hesabu ya mfumo hapa haiaminiki, kwa kuwa faili moja lililopakuliwa huenda lilirushwa kwa simu 10 nyingine. Mhadhiri alipata picha ya makosa ya darasa ndani ya siku 6 badala ya wiki 8.

Sitoi takwimu za ufaulu za kulinganisha mihula hiyo miwili. Mtihani haukuwa uleule, kundi la wanafunzi halikuwa lilelile, na mmoja wa wahadhiri wasaidizi alibadilika. Kozi ya takwimu inawafundisha vijana kutofanya ulinganisho wa namna hiyo, na ingekuwa aibu kuufanya katika kuisifia kozi yenyewe. Ninachoweza kukisimamia ni kile tulichokisoma kwenye karatasi zao: makosa mawili makubwa ya miaka iliyopita, lile la ukubwa wa sampuli na lile la kuchanganya mkengeuko sanifu na wastani, yalikuwa machache, na mapya yaliyojitokeza yalikuwa katika mada za wiki 3 za mwisho ambazo majaribio yake yalifanywa kwa haraka.

Kilichofanya kazi na sababu zake

Muhula wa video na muhula wa sauti vyote vilitumia teknolojia, na wa kwanza ulitumia nyingi na ghali zaidi. Tofauti ni upande ambao habari ilielekea. Video zilikuza sauti ya mhadhiri, ambayo tayari ilikuwa ndiyo sauti pekee inayosikika ukumbini, wakati jaribio la wiki lilimletea mhadhiri fikra za watu 400 ambao asingeweza kuwasikia kwa njia nyingine yoyote. Kuna mambo ambayo mwalimu mwenye wanafunzi 20 huyaona kwenye nyuso zao bila chombo chochote. Mwenye 400 hayaoni, na hapo kompyuta inamsaidia kwa kazi ambayo binadamu hawezi, ya kujumlisha majibu 2,000 ndani ya sekunde chache. Kusoma majibu hayo na kuamua yanamaanisha nini kulibaki kazi yake, na kulihitaji mtu anayeijua takwimu na anayewajua wanafunzi hao.

Jambo la pili ni kwamba suluhisho lilikuwa limeshaanza mikononi mwa wanafunzi. Kutoa sauti kwenye video, kurushiana bila bando, kuchagua kipande cha Kiswahili: yote hayo yalifanyika kabla mshauri yeyote hajaitwa. Kozi ilipata nafuu pale ilipoiga walichokuwa wakifanya. Nimeshiriki katika miradi ambayo hutanguliwa na dodoso refu la kuuliza wanafunzi wana vifaa gani, na sijawahi kupata kutoka kwenye dodoso habari yenye thamani kama ile ya dakika 20 za mwakilishi wa darasa.

Kilichoshindikana

Ukurasa wa majadiliano wa kozi ulikufa. Wanafunzi waliandika “asante Dokta” na kuishia hapo, huku mijadala ya kweli ikiendelea kwenye makundi yao ya WhatsApp. Tulipoteza wiki 4 tukijaribu kuihamisha kwa kuwabembeleza na hata kuwaahidi alama. Ninaamini sasa kwamba wanafunzi wana haki ya kuwa na mahali pa kuulizana bila mhadhiri kuwasikia, na tulipaswa kuwaachia tangu mwanzo.

Kosa zito zaidi lilimhusu mwanafunzi mmoja asiyeona. Kanuni zote kwenye slaidi zilikuwa picha, na programu ya kusoma skrini aliyoitumia haiwezi kusoma picha ya kanuni. Kadi za rangi nazo hazikumfaa kitu. Alivumilia hadi wiki ya 5 ndipo akasema. Tangu hapo mhadhiri alisoma kila kanuni kwa maneno ndani ya sauti, slaidi zikaandikwa upya kwa maandishi, na mwanafunzi huyo akajibu ukumbini kwa kunyoosha vidole kuanzia kimoja hadi vinne. Marekebisho hayo yaliwasaidia na wenzake waliosikiliza bila kutazama slaidi. Lakini wiki 4 za mwanzo wa kozi ambayo kila mada hujengwa juu ya nyingine ni hasara kubwa kwa kijana mmoja, nayo ingeepukwa kwa kuuliza swali moja siku ya kwanza. Mimi niliyekuwa mshauri nilipaswa kuliuliza.

Wahadhiri wasaidizi pia walisahauliwa. Hawakupewa sauti kabla ya wanafunzi, na katika semina mbili walitumia istilahi za Kiswahili tofauti na za mhadhiri, hali iliyowachanganya wanafunzi ambao tulitaka kuwaondolea mkanganyiko. Na muda: mhadhiri alitumia takribani saa 6 za ziada kila wiki kwa kutunga maswali na kurekodi, saa ambazo hazikuhesabiwa kwenye mzigo wake wa kazi wala hazikumsaidia katika kupanda cheo. Alizitoa kwa hiari yake, na ninasikitika kwamba taasisi ilizipokea bila hata kuziandika mahali popote.

Baada ya kozi kukabidhiwa

Mwaka uliofuata mhadhiri alikwenda masomoni, na kozi ikapewa mwenzake. Ukurasa wa Moodle ulinakiliwa mzima: sauti zote, benki ya maswali, tarehe za kufungua na kufunga. Wiki ya 6 niliufungua kwa udadisi. Majaribio yalikuwa yakifunguliwa na kufungwa yenyewe kama yalivyopangwa, wanafunzi walikuwa wakijibu, na alama za ushiriki zilikuwa zikiongezeka. Ripoti ya mgawanyo wa majibu haikuwa imefunguliwa hata mara moja. Mhadhiri mpya alikuwa mwalimu makini. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kulikuwa na ripoti ya kusoma Jumatano usiku, kwa kuwa katika makabidhiano tuliorodhesha mafaili na hatukuandika kazi.

Tulikaa naye siku hiyohiyo, tukafungua jaribio la wiki ya 4. Zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wamechagua mkoa wenye watu milioni 2. Alinyamaza kidogo, akaangalia tarehe, akasema wiki iliyopita ameshafundisha makadirio na darasa lote lilimwitikia kwamba limeelewa. Alhamisi iliyofuata aliingia ukumbini na kadi za rangi nne.